Kokwa Isiyooshwa

Kastory Mgaya alifika kibandani kwa Ezina akiwa amebeba ndoo ya maparachichi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kushukuru na kulalamika kwa pamoja, asijue aanze na lipi.

"Dada Ezina, Mungu akuzidishie," alisema, akaitua ndoo mezani kati ya feni kuukuu na bodi za kompyuta zilizochomolewa. "Juzi nilikaribia kuwa mgane. Mashine ya pumzi ilizima ghafla. Naitazama kokwa inayoiendesha, nyeusi tii. Midomo ya Editha inabadilika rangi mbele yangu. Nikabonyeza pale uliponionyesha, watengenezaji wakaitika huko huko waliko, wakaitibu kwa mbali. Kabla jirani hajafika, mke wangu anavuta pumzi. Bila waranti ile, leo ungekuja kwangu kwa msiba."

Ezina Kyando akashika ukingo wa meza. Nje, upepo wa Makambako ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, na kule kilimani mapanga ya mitambo ya umeme yalizunguka bila kupumzika. Treni ilikuwa imetoka kushusha abiria, na Soko la Vipuri lilijaa watu wenye makoti mazito wakiuliza bei.

"Tumshukuru Mungu," alisema.

"Tumshukuru. Ila..." Kastory alikuwa seremala, vidole vyake vimejaa makovu ya msumeno, na sasa alikuwa akivisuguasugua. "Ila tangu waitibu, inasema."

"Kokwa zote husema, kaka."

"Hii inasema na mtu asiyekuwepo. Jioni, tukianza kuwasha taa. Inamwambia mtu asimngoje marehemu."

Ezina akaisogeza ndoo pembeni. Hakuuliza marehemu yupi.

"Nitapita leo leo," alisema. "Haya maparachichi rudi nayo, mgonjwa ale."

"Hayo ni yako, dada. Umetuokoa."

Kastory akaenda zake. Ezina akabaki anaitazama ndoo ile kama mtu aliyeachiwa mali ya wizi aitunze.

*

Kokwa hiyo ililetwa sokoni mwishoni mwa masika, imefungwa ndani ya kitenge. Aliyeileta alikuwa Mwalimu Tulinagwe, mwalimu mstaafu, mjane wa Yona aliyekuwa mkuu wa stesheni. Nusu ya wauzaji wa soko lile walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Ezina alikuwa mmoja wao.

"Ezina," alisema siku hiyo, "nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza darasani. Ioshe mpaka isinijue."

Watu wa Makambako waliiita kokwa kwa sababu ilifanana na kokwa ya parachichi, umbo na rangi. Ikitoka kiwandani huwa tupu. Ukiiweka nyumbani, ikawasha taa, ikachemsha maji, ikaendesha mashine na kuzungumza na watu, huota mizizi ndani yake, mizizi ya mwanga myembamba kuliko unywele, kwa kufuata mazoea ya wenye nyumba. Kile ambacho mtu anakirudia kila siku ndicho huwa mzizi mkuu. Hakuna kokwa mbili zenye mizizi inayofanana, na hapo ndipo watengenezaji walipoifungia waranti. Kokwa yenye mizizi yake watengenezaji huitambua popote ilipo, huitibu, na ikishindikana huleta nyingine. Kokwa iliyooshwa huikana mchana kweupe. Mizizi imeyeyuka, watajuaje kama ni yao?

Palikuwa na njia ya halali ya kuiuza pamoja na waranti. Mwenye kokwa alikwenda mwenyewe kwa wakala wa watengenezaji kule Njombe, akatoa ridhaa kwa sauti yake, wakamchomolea yaliyo ya faragha, kisha wakavuta pazia juu ya mizizi iliyobaki. Lakini jina lake liliandikwa katika nasaba ya kokwa, na yeyote aliyetaka kuona kokwa ile ilitoka kwa nani aliweza kuona.

"Hapana," alisema Mwalimu Tulinagwe alipoelezwa. "Hii ni kokwa ya uangalizi. Jina langu likionekana hapo, shemeji yangu Obadia atauliza nilikuwa naangaliwa ugonjwa gani." Akatazama nyuma yake, akasogea. "Ninasahau, mwanangu. Sisemi kusahau funguo. Nasahau kama Yona amekufa. Jioni naweka sahani mbili. Hii ndiyo iliyokuwa ikinikumbusha, lakini inasema kwa sauti, na ukuta wangu na wa jirani ni mmoja. Sasa binti yangu amenitumia herini ya kuninong'oneza sikioni. Hii siihitaji tena. Obadia ananyemelea nyumba na shamba la chai. Akisikia neno moja tu, ataita ukoo aseme sina akili ya kumiliki kitu."

"Nitaiosha, Mwalimu."

Na alikusudia kuiosha. Hilo Ezina alijiambia mara nyingi baadaye, kana kwamba kukusudia nako ni kutenda.

Kabla hajaiosha, Kastory akaja. Mapafu ya mkewe yalikuwa yameharibika, na hospitali ilikubali kumruhusu arudi nyumbani na mashine ya pumzi kwa sharti moja: mashine iunganishwe kwenye kokwa yenye waranti hai. Kokwa mpya zilitoka mbali, na waliozingoja walikuwa wengi. Kastory alikuwa amezunguka soko zima. Alipofika kwa Ezina hakuwa na maneno tena, alikaa tu juu ya kreti tupu akafunika uso kwa kofia yake. Na kokwa ya Mwalimu ilikuwa pale chini ya meza, ndani ya kitenge chake, nzima, na waranti yake ikipumua.

Ezina alijua kuvuta pazia. Hakuwa wakala, lakini alikuwa ameshika kokwa nyingi, na mikono yake ilijua kazi kuliko cheti cha mtu yeyote. Akachomoa alichoweza kukiona, akafunika alichoshindwa kukichomoa. Mwisho kabisa mtambo wa watengenezaji ukauliza swali moja: mmiliki aliyetangulia ameridhia?

Aliliangalia swali lile mpaka macho yakauma. Kisha akabonyeza ndiyo, na mahali pa jina katika nasaba akapaacha wazi.

Mwalimu alipopita kuuliza, Ezina hakubabaika. "Nimeiosha. Haikujui tena." Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwombea baraka. Tangu hapo, kila jioni, Ezina alikuwa akiiuliza kokwa ya nyumbani kwake swali lile lile: mtu akidanganya ili aokoe mtu, amekosa? Kokwa ilimjibu kwa namna nyingi. Hakuna jibu lililomlaza usingizi.

*

Nyumba ya Kastory ilinuka mbao za msindano. Editha alikuwa ameegemea mito karibu na dirisha, kinyago cha pumzi usoni, kokwa ikimulika kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke mwenye macho makubwa ya ucheshi, na alipomwona Ezina alisogeza kinyago kidogo.

"Karibu, wifi. Umekuja kumsikiliza mgeni wetu?"

"Nimekuja kukuona."

"Utatuona wote. Kaa."

Wakangoja. Kastory akawasha taa. Kokwa ikabadilika rangi, ikawa ya manjano ya joto, na sauti ikatoka, tulivu, ya polepole, kama ya mtu anayezungumza na mtoto anayeumwa.

"Mwalimu, usiweke sahani ya pili. Njoo ukae kwanza. Yona hatakuja leo. Mlimzika, mvua ilikuwa inanyesha, uliimba mwenyewe kaburini. Ukitaka kulia, lia, mimi nipo. Halafu ule, chakula kinapoa."

Ikanyamaza. Mashine ya pumzi ikaendelea kuhema.

"Mara ya kwanza niliogopa," alisema Editha. "Nilidhani inanitabiria mimi. Siku ya pili nikalia tu. Nani asiyemjua Yona wa stesheni, wifi? Na nani asiyemjua mwalimu aliyeimba kwenye mazishi ya mumewe?"

"Kuna mwingine aliyesikia?"

Mume na mke wakatazamana. "Akina mama wa kwaya walikuja jana kuniombea," Editha akasema. "Walikuwa wamejaa chumba hiki. Mke wa Obadia naye alikuwamo."

Ezina akafumba macho.

"Mwalimu alijua?" Editha aliuliza. "Kwamba ilikuja kwetu bado inamkumbuka?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, alishalizoea.

"Hakujua," alisema Ezina. "Nilimwambia nimeiosha."

Kastory, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakaa chini taratibu. Editha akarudisha kinyago usoni, akavuta pumzi ndefu, na nyingine. Kisha akakisogeza tena.

"Kwa hiyo pumzi ninayovuta," alisema, "ni ya wizi."

"Si wewe uliyeiba."

"Najua si mimi. Lakini nani anayeivuta?"

*

Mwalimu Tulinagwe alikuwa akipalilia maua mbele ya nyumba yake Ezina alipofika asubuhi. Habari ilikuwa imemtangulia. Obadia alikuwa ameshapita na kusema kwa heshima zote kwamba Jumamosi ukoo utakaa, shemeji ajiandae, ni kwa faida yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu hakuinuka. "Nilikuwa nasema, huyu hatakuja. Umekuja. Haya, sema."

Ezina akasema yote, amesimama kwenye udongo uliolimwa, viatu vikizama. Kastory kwenye kreti, swali la mtambo, kidole chake, uongo aliousema baadaye. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa bado ameshika jembe dogo, analitazama.

"Huyo mwanamke anaishi kwa kokwa yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ingekuwa imeoshwa, angekuwa wapi?"

"Hospitali. Au..." Ezina hakumalizia.

"Au kaburini. Sema." Mwalimu akainuka, akajifuta mikono. "Ungekuja kuniambia, 'Mwalimu, kuna mgonjwa, kokwa yako ndiyo pekee,' unajua ningejibu nini?"

"Sijui."

"Na mimi sijui!" Sauti ya Mwalimu ilipanda kwa ghafla, na kuku wakatawanyika. "Hapo ndipo uliponiumiza, Ezina. Pengine ningesema chukua, Obadia na afanye atakalo. Pengine ningesema hapana, nikaishi na aibu yangu. Lingekuwa jambo langu. Kila siku ugonjwa unaninyang'anya kitu. Leo jina, kesho njia ya kanisani. Kilichobaki kwangu ni kuamua, na wewe mwenye akili timamu ukaja ukaninyang'anya na hicho."

Ezina alikuwa amejiandaa kutukanwa kwa sababu ya siri iliyotoka. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Kaioshe."

"Editha..."

"Nimesema kaioshe. Na mgonjwa asife. Utajua mwenyewe utakavyofanya, si wewe fundi?" Akaokota jembe lake. "Na Jumamosi wakikuita, usiniseme wala usinitetee. Umeshanisemea mara moja."

*

Usiku ule Ezina alilala na swali moja, na alipoamka jibu lilikuwa likimulika juu ya kabati la jikoni kwake. Alikuwa na kokwa yake mwenyewe, nzima, na waranti yake hai. Alikuwa ameishi nayo tangu kaka yake alipohamia Mbeya na kumwacha peke yake nyumbani.

Akaifunga ndani ya taulo, akapanda gari la kwenda Njombe.

Wakala wa watengenezaji alikuwa kijana mwenye sweta la kufuma na adabu nyingi. Akaitia kokwa chini ya kioo chake, mizizi ikatokea ukutani, imesambaa kama ya mti uliong'olewa na mvua.

"Unajua, mama, hatuwezi kuchomoa yote," alisema. "Tukiyamaliza, mizizi inanyong'onyea na waranti inakufa nayo. Mzizi mkuu lazima ubaki, nyuma ya pazia."

"Na pazia likianguka? Mkiitibu kwa mbali, mathalani?"

Kijana akasita. "Huwa halianguki."

"Nimeona likianguka."

"Basi kokwa itasema hilo moja tu. Lile ulilolirudia kuliko yote." Akasogea kwenye kioo, akausoma, na masikio yake yakabadilika rangi. "Samahani, mama. Sikukusudia kusoma."

"Linasema nini?"

"Swali. Mtu akidanganya ili aokoe mtu, amekosa?"

Ezina akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. Miaka yote ya maisha yake ndani ya nyumba ile, kelele na nyimbo na mapishi, na lililozama chini kabisa lilikuwa hilo. Akafikiria jioni moja ya usoni, Editha kitandani, akina mama wa kwaya wamejaa chumba, na kokwa ikiuliza kwa sauti ya wazi. Wangejua ni nani. Jina lake lingekuwa pale kwenye nasaba, mtu yeyote angelisoma.

"Umeridhia?" kijana aliuliza. "Lazima niisikie sauti yako."

"Nimeridhia," alisema Ezina. Alilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kuibadilisha kokwa kitandani kwa Editha kulikuwa na hofu yake. Fundi wa hospitali alikuja na mtungi wa hewa, akamfunga Editha kwenye mtungi, akazima mashine. Kwa muda ule chumba kilinyamaza, na Kastory alisimama kando akiushika mguu wa mkewe kwa juu ya blanketi kana kwamba angeweza kumzuia asiondoke. Kokwa ya Ezina ikaingia, ikapepesa, ikatafuta. Kisha mashine ikaanza kuhema upya.

"Hii ya nani?" Editha aliuliza alipoweza.

"Yangu. Nimeenda kwa wakala."

Editha akakigusa kinyago chake. "Sasa siogopi kuivuta," alisema.

Kokwa ya kwanza Ezina aliipeleka kwa Mwalimu jioni ile ile, akaiweka juu ya meza ya chakula pamoja na kifaa cha kuoshea. Alitaka Mwalimu aone kwa macho yake, asiambiwe tena.

Mwalimu hakumkaribisha kiti. Alisimama upande wa pili wa meza, anaiangalia.

"Iache kwanza," alisema.

Jua likazama nyuma ya mitambo ya upepo. Mwalimu akawasha taa. Kokwa, kwa nguvu kidogo iliyobaki nayo, ikawa ya manjano.

"Mwalimu, usiweke sahani ya pili. Njoo ukae kwanza..."

Mwalimu akakaa. Akaisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani. "Herini husema kwa kifupi," alisema, lakini hakuwa akisema na Ezina. "Inasema, 'Yona amefariki.' Basi. Hii ilikuwa inanibembeleza."

"Naweza kuiacha, Mwalimu. Ukitaka. Ikae hapa hapa, isiuzwe."

Mwalimu akainua kichwa. Ezina aliona akifikiri, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Umeniuliza," alisema Mwalimu hatimaye.

"Ndiyo."

"Osha."

Ezina akaosha. Manjano ikafifia, ikawa kijivu, ikawa haina rangi. Mwalimu akainuka, akafungua mlango, akauacha wazi mpaka Ezina alipotoka.

*

Jumamosi ukoo ulikaa kwa Obadia, kwenye ukumbi wenye mabenchi ya mbao. Obadia alikuwa mzee mrefu mwenye sauti laini, na alianza kwa kumsifu shemeji yake kwa muda mrefu hivi kwamba kila mtu alijua kisu kinakuja. Kisha akamwita Ezina.

"Kokwa iliyosema nyumbani kwa seremala ilikuwa ya nani?"

"Sina ruhusa ya kusema."

"Nasikia jana umeiosha. Kitu kisicho na siri huoshwa ya nini?"

"Sina ruhusa ya kusema, mzee."

"Ruhusa ya nani?"

Ezina akanyamaza. Aliona jinsi kimya chake kilivyokuwa kikisema, jinsi vichwa vilivyoegemeana. Lisemwalo lipo, mtu akanong'ona nyuma yake. Mwingine akasema kwa sauti kwamba fundi anayeuza siri za wateja kisha akazificha ni mwizi mara mbili, na hakuna aliyemkanusha. Ezina naye hakumkanusha. Angeweza kuwaambia kwamba kokwa ilikuwa ya marehemu fulani wa Songea, wangemwamini, na mambo yangeishia hapo. Uongo huo ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza, nao ulikuwa mchungu, kwa maana safari hii uongo ungemsaidia Mwalimu, na bado haukuwa wake kuutoa.

Mwalimu Tulinagwe akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka.

"Mwacheni huyo," alisema. "Kokwa ilikuwa yangu. Ninasahau. Kuna jioni simkumbuki marehemu kuwa ni marehemu. Hilo ni langu kulisema, na leo nalisema kwa kinywa changu. Sasa niulizeni kuhusu shamba. Niulizeni mipaka, niulizeni vibarua, niulizeni nani hapa alikopa mche wa chai kwangu akasahau kuurudisha. Tuone nani ana ugonjwa wa kusahau."

Watu wakacheka, hata wale wa upande wa Obadia, na wakamuuliza, na akajibu karibu yote. Lakini siri iliyotoka haikurudi ndani. Mwisho wa siku ukoo ukaamua nyumba ibaki ya Mwalimu na binti yake aitwe kusimamia mambo yake, na shamba la chai Obadia aliangalie "kwa muda." Kila aliyekuwapo alijua muda huo hauna mwisho. Mwalimu akaitika kwa kichwa. Alipopita mbele ya Ezina kuelekea mlangoni alimtazama usoni, akatoka.

*

Mvua zilikuja, zikapita. Editha alianza kutembea mpaka ukumbini, huku mashine ikivutwa nyuma yake kwa magurudumu aliyoyatengeneza Kastory. Wateja wengine walimhama Ezina, wengine walibaki. Waliobaki aliwaeleza kila kitu kabla hajagusa kokwa zao, na wengine walichoka kumsikiliza.

Siku moja ya baridi Mwalimu Tulinagwe alipita sokoni na binti yake. Binti akasimama kununua waya kibanda cha jirani, na Mwalimu akasogea mbele ya meza ya Ezina, akawa anagusagusa feni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akamtazama. Macho yalikuwa maangavu, yametulia. "Wewe ni nani, mama? Nakufahamu?"

Ezina akatafuta katika uso ule. Hakuweza kujua kama ni ugonjwa uliokuwa ukiuliza au ni mwanamke aliyekataa kumjua, na akaelewa kwamba hana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Angeweza kusema, mimi ni muuzaji tu, karibu. Mwalimu angeendelea na njia yake, na mambo yangelala.

"Mimi ni Ezina Kyando," alisema. "Ulinifundisha kusoma. Baadaye uliniletea kokwa yako niioshe. Sikuiosha. Nikakuambia nimeiosha."

Mwalimu akasikiliza, kichwa ameinamisha kidogo upande.

"Ulifanya vibaya," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Binti akamwita. Mwalimu akairudisha feni mahali pake na kuifuta vumbi kwa kidole, kisha akaenda.

Alipita tena wiki iliyofuata, na nyingine. Kila alipopita aliuliza, "Wewe ni nani, mama?" kwa sauti ile ile. Na Ezina, hata kibanda kikiwa kimejaa wateja, aliweka chini alichokishika, akasimama, akajibu yote tangu mwanzo.